Nirudishie Mkasi Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza mafunzo ya kazi kwenye bendi, nikiwa na miaka arobaini na sita. Nikiisoma sentensi hiyo naona kama namsema mtu mwingine.

Nilikuwa karani wa shule kwa miaka kumi na tisa, mpaka shule yetu ilipounganishwa na nyingine na mimi nikaonekana ziada. Nikarudi chuoni kusomea masoko. Wenzangu darasani ni rika la binti yangu, na nafasi za mafunzo zilipogawiwa, wao walichukuliwa na benki na kampuni za simu. Mimi nilibaki na jina la mwisho ubaoni: Bendi ya Karakana, wiki kumi na moja, kitengo cha masoko na matangazo.

Kitengo chenyewe ni meza moja. Bendi inafanyia mazoezi kwenye karakana ya zamani ya magari. Sakafu bado ina madoa ya oili, na shimo walilokuwa wakiingia mafundi limefunikwa mbao. Juu ya mbao ndipo dramu zinapokaa. Meneja ni kijana wa miaka thelathini, viatu vyeupe, simu mbili. Aliisoma barua yangu ya chuo, akanitazama, akaisoma tena.

"Mama, sisi tulitegemea mtu wa mitandao."

"Mitandao nimeisoma muhula mzima. Nilipata A."

Akasema karibu, akanionyesha birika.

Mpiga dramu wanamwita Usingizi. Nilimkuta amelala kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, vijiti mkononi. Wapiga magitaa ni ndugu wawili wanaocheka pamoja kwa mambo wasiyoyasema. Mwimbaji ni dada mrefu, mtulivu. Nilimsalimia mara mbili, akanipita kama nguzo.

"Wamekupa kazi gani?" binti yangu ameniuliza jioni.

"Mawasiliano," nimemjibu. Nimemimina chai vikombe kumi na kimoja.

Jumanne, 4 Machi

Nimebandika mabango. Gundi imeingia mpaka kwenye nywele.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua za kwanza. Mabango yote ya Jumanne yamebanduka. Nimebandika upya. Usingizi ameniona nikikausha fomu zangu za tathmini kwa pasi, sasa ninaitwa Mama Fomu.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimeijua hali halisi. Amekuja mwenye ukumbi, mzee mmoja mkavu anayezungumza akiangalia saa. Ukumbi wake una viti mia nne. Ameipa bendi nafasi mbili tu, Jumamosi hii na Jumamosi ya tarehe 10 Mei.

"Mkijaza ile ya pili, Jumamosi moja ya kila mwezi ni yenu mwaka mzima. Msipojaza, nawapa watu wa mazoezi ya viungo."

Alipoondoka, ndugu wawili wakamwambia Meneja, safari hii bila kucheka, kwamba ukumbi ukienda na wao wanaenda. Kuna hoteli inawataka. Meneja akacheka yeye, akasema hakuna tatizo, watu wapo. Lakini niliona kucha zake zikiichuna karatasi ya chupa ya maji mpaka chupa ikabaki uchi.

Jumapili, 16 Machi

Jana wamekuja watu kumi na tisa.

Nina uhakika na idadi kwa sababu nilikuwa mlangoni nikiandika majina na namba za simu, tabia ya ukarani haijanitoka. Video ya Meneja, yenye moshi na miwani myeusi, ilikuwa imependwa na watu elfu mbili na mia sita. Kumi na tisa ndani ya viti mia nne, wamekaa mbalimbali kama meno ya mtoto. Na bendi ilipiga vizuri mno, hilo ndilo linaloniuma. Mwimbaji aliimba kana kwamba ukumbi umefurika, kisha akachukua mkoba wake akaondoka. Nilimwambia hongera. Hata kugeuka hakugeuka. Anajisikia sana yule.

Jumatatu, 17 Machi

Meneja anataka video nyingine, yenye moshi zaidi. Nimeomba niwapigie simu wale kumi na tisa.

"Uwaambie nini?"

"Niwaulize kwa nini walikuja."

"Mama, tunataka kujua kwa nini mia tatu themanini na moja hawakuja."

"Hao sina namba zao."

Amecheka. Ni mara ya kwanza namwona anacheka kwa kweli.

Jumatano, 19 Machi

Kumi na saba wamepokea. Hakuna hata mmoja aliyetaja video. Kumi na mmoja kati yao ni mafundi cherehani wa kiwanda kidogo cha sare kilicho nyuma ya ukuta wetu, au ndugu zao. Wanasikia mazoezi kila siku kuanzia saa nane mchana. Nikamuuliza mmoja mbona wenzake hawakuja.

"Saa tatu usiku, mama? Watoto nimwachie nani? Na basi la kurudi nalo nitalipata wapi?"

Nimeandika ripoti ya ukurasa mmoja kupendekeza tupige mchana, pambizo sawasawa, vichwa vya habari vimepigiwa mstari. Nimeiweka kwenye meza ya Meneja. Ameweka kikombe juu yake.

Alhamisi, 20 Machi

Nimechapa nakala nyingine.

Jumatano, 26 Machi

Leo nimezunguka ukuta. Chumba kimoja kirefu, cherehani kumi na mbili, sare za shule zimerundikwa mpaka dirishani. Mkuu wao wanamwita Bi Cherehani, mwanamke mnene mwenye sauti nzito na tepu ya kupimia shingoni. Upande wetu bendi ilikuwa imeanza wimbo wao mpya ambao haujatoka. Upande huu wakawa wanauimba, wote, bila kuinua macho kwenye kitambaa, na miguu inakanyaga cherehani sambamba na dramu za Usingizi:

"Nirudishie, nirudishie, nirudishie mkasi wangu, ulioondoka nao bila kuaga!"

Nilidhani masikio yangu yananidanganya.

"Mbona mnaimba mkasi?"

"Si ndivyo anavyoimba?" akasema Bi Cherehani.

"Anaimba moyo. Nirudishie moyo wangu."

Kicheko kikaanza kwenye cherehani ya mwisho, kikaja mbele kama moto kwenye nyasi kavu. Bi Cherehani alifuta machozi kwa suruali ya mwanafunzi.

"Siku zote hizi tunajua ni mkasi! Tukasema, huyu dada ndiye peke yake anayetuelewa. Humu ukiweka mkasi chini, umekwenda."

Nimewaomba niwarekodi kwa simu. Wamekubali wote. Bi Cherehani alivua aproni, akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akaivaa tena.

Ijumaa, 28 Machi

Meneja amesafiri siku mbili. Nimeiweka ile video kwenye ukurasa wa bendi. Chini yake nimeandika maneno manne: *Na wewe, urudishiwe nini?*

Jumatatu, 31 Machi

Meneja amerudi na moto.

"Wimbo haujatoka! Umeuanika nje kama nguo! Nani alikuruhusu? Futa. Futa sasa hivi mbele yangu."

Nikamkabidhi simu afute mwenyewe. Akaanza kutafuta pa kufutia. Akasimama. Watu elfu tisa walikuwa wameitazama, na kila aliyeandika alitaka kitu chake. Muuguzi anataka kalamu yake. Kondakta anataka kofia yake. Mzee mmoja mwenye upara unaong'aa amejirekodi akiimba kwa huzuni: nirudishie nywele zangu, ulizoondoka nazo bila kuaga.

Meneja alisoma kimya, midomo ikimcheza. Nikamsikia akinong'ona, "Ulizoondoka nazo..."

Akanirudishia simu. "Usifute kwanza."

Ijumaa, 4 Aprili

Mwalimu mmoja ametuma video ya darasa zima. Watoto arobaini: nirudishie kijiko changu, ulichoondoka nacho, nirudishie koti langu, uliloondoka nalo. Anasema hajawahi kufundisha sarufi ikaingia namna hii. Watazamaji elfu arobaini.

Ripoti yangu nimeikuta imetolewa chini ya kikombe, imepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu.

"Saa tisa alasiri?" Meneja aliuliza. "Muziki wa dansi saa tisa mchana? Watu watadhani ni mahafali."

"Kwenye mahafali ukumbi hujaa," nikamwambia.

Ameandika saa tisa.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua siku nzima. Nimejua kwa nini Usingizi analala. Huamka saa tisa alfajiri kwenda kukanda unga kwenye kiwanda cha mikate, akitoka huko anakuja moja kwa moja mazoezini. Miaka sita hivyo. Nami nilikuwa nimeshamwandika mvivu kwenye daftari langu la chuo. Nimelifuta neno hilo mpaka karatasi ikatoboka.

Jumatatu, 14 Aprili

Siku mbaya kuliko zote.

Mwimbaji hana habari na mitandao, simu yake ni ya vitufe. Sisi wote tulijua hilo na kila mmoja alidhani mwenzake amemwambia. Leo ameingia mazoezini amelowa chapachapa, akasimama katikati ya madoa ya oili.

"Nimetoka dukani. Kuna mtoto anaimba wimbo wangu. Anadai apewe kijiko." Alituangalia mmoja mmoja. "Nimemuuliza ameutoa wapi, mama yake akanionyesha. Nani amefanya hivi?"

Meneja akafungua mdomo. Namshukuru, nadhani alitaka kusema ni yeye. Nikamtangulia.

"Ni mimi."

"Uliniuliza?"

Nilikuwa na majibu mengi. Idadi ya watazamaji, tiketi mia moja na thelathini zilizokwisha chukuliwa, darasa la watoto arobaini. Lakini swali lake lilikuwa moja tu, na jibu lake lilikuwa moja.

"Hapana. Sikukuuliza."

"Wimbo ule niliuandika miezi minne. Kila neno nimelitoa mahali panapouma. Nyinyi mmeufanya kichekesho." Akachukua daftari lake la nyimbo kwenye spika. "Tafuteni mwimbaji wa mikasi."

Hakuna aliyemfuata. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata kama angetukanwa mtu, asingesikia.

Jumanne, 15 Aprili

Hakuja.

Jumatano, 16 Aprili

Hakuja. Ndugu wawili wamekaa na magitaa ndani ya mifuko. Meneja amempigia mara nane.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekwenda kwake asubuhi, mvua ilipopumzika. Nyumba ya vyumba viwili, uani kuna kamba ya nguo, naye alikuwa amenipa ubavu akianika mashuka. Nikabisha hodi. Kimya. Nikasema, "Dada, ni mimi, nimekuja kuomba radhi." Akachukua kibanio kingine. Nikarudia kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara. Akakunja ncha ya shuka taratibu, kama vile sipo.

Damu ilinichemka. Nikasema moyoni, sawa, kosa nimefanya, lakini mimi si mtoto wa kufanyiwa hivi. Nikazunguka kamba ili nimseme usoni. Aliponiona upande wa pili aliruka, mashuka yakamponyoka yakaanguka kwenye matope.

"Umefika sasa hivi?"

"Nimekuita mara tatu."

Akayaacha mashuka yalipo. Nami nikaanza kukumbuka. Salamu zile mbili siku ya kwanza. Hongera yangu mlangoni. Kila mara nilikuwa nimesimama upande uleule.

"Kushoto," akasema kabla sijauliza. "Halisikii kitu, na la kulia nalo ni hafifu. Homa ya mwaka juzi. Nilidhani litarudi, kila nikiamka nasugua vidole hapa nisikilize." Akasugua vidole karibu na sikio, kunionyesha. "Hakuna anayejua. Mwimbaji kiziwi nani atamtaka? Ukumbini naimba kwa kuangalia mikono ya Usingizi."

Wiki sita nimekuwa nikisema yule dada anajisikia. Kumbe hakuwa anajisikia. Hakuwa anasikia.

"Na ule wimbo?" nikauliza, nikiwa nimeshahamia upande wake wa kulia.

"Niliandika moyo kwa sababu moyo kila mtu anaimba." Akainama kuokota mashuka. "Ulikuwa sikio."

Tuliyafua upya pamoja, tukayakamua, kila mmoja akizungusha upande wake. Nilimwomba radhi kwa maneno machache, bila kujitetea. Nikamwambia pia kitu ambacho sijamwambia hata binti yangu: kwamba shule iliponipunguza, kwa miezi mitatu nilitoka nyumbani kila asubuhi nimevaa vizuri, nikaenda kukaa maktaba, ili majirani wasijue.

"Ulikuwa unasoma nini huko?" akaniuliza.

"Matangazo ya kazi."

Alicheka kidogo. Nilipoondoka hakusema atarudi.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimeifuta video. Watu elfu hamsini na nane, nikabonyeza, haipo. Kisha nikaenda kumwambia Meneja mwenyewe. Alikaa chini polepole kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Mama Fomu, unajua ulichofanya?"

"Najua. Si yetu. Ni yake, na hatukumuuliza."

Akageukia dirisha. "Hata mimi sikumuuliza," akasema baadaye. "Zile za moshi. Aliniambia hapendi miwani."

Jumatatu, 21 Aprili

Watu wanauliza video iko wapi. Sijibu. Mvua.

Jumanne, 22 Aprili

Saa nane kasoro amekuja! Hakuingia karakana. Alisimama mlangoni, akanifanyia ishara kwa kidole, tukazunguka ukuta sisi wawili. Bi Cherehani alipomwona aliinuka na tepu yake shingoni, asijue aweke wapi mikono.

"Nataka kusikia," Mwimbaji akasema. "Uimbeni mnavyouimba."

Waliona haya kwanza. Kisha fundi wa cherehani ya mwisho akaanza, wakaingia wote, na ile miguu ikakanyaga. Mwimbaji alikwenda katikati ya chumba, akaweka kiganja juu ya meza ya cherehani moja ili aisikie kwa mkono. Akafumba macho. Walipomaliza, Bi Cherehani akasema, "Dada, usituchukie. Tulidhani unatuimba sisi."

"Rudieni," akasema Mwimbaji.

Waliurudia mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anaimba nao, na alikuwa anadai mkasi.

Kwenye njia ya kurudi akanishika mkono. "Irudishe ile video. Na leo mazoezini nawaambia wote. Kaa karibu yangu."

Amewaambia. Usingizi ndiye wa kwanza kuongea: "Basi nihamishieni dramu kulia." Wakaziondoa juu ya mbao zile, wakahamisha kila kitu, Meneja na viatu vyake vyeupe akiwa wa kwanza kuinama.

Alhamisi, 1 Mei

Tiketi mia mbili na sabini.

Jumatano, 7 Mei

Mia tatu na hamsini. Usiku sipati usingizi, mchana sihisi njaa. Binti yangu amemwonyesha rafiki yake video akidhani simwoni.

Jumapili, 11 Mei

Niandike yote, hata kama mkono utauma.

Jana mvua ilianza saa tano asubuhi, na haikuwa mvua ya mchezo. Kufikia saa saba barabara ya mbele ya ukumbi ilikuwa mto. Mwenye ukumbi aliangalia saa yake, akasema, "Hakuna atakayevuka hapo." Nilikaa mlangoni na orodha yangu. Saa nane na nusu walikuwa watu sita. Meneja alisimama kando yangu bila simu yoyote mkononi.

"Wakija sita, tutawapigia sita," akasema. "Umefanya kazi, mama. Nataka ulijue hilo kabla."

Tukasikia kelele. Nilidhani ni ugomvi. Wakatokea kwenye kona: Bi Cherehani mbele, sketi ameifunga magotini, nyuma yake mafundi wake wote, waume zao, watoto mabegani, wameshikana mikono mnyororo mmoja kuvuka maji. Nyuma yao wengine nisiowajua. Wauguzi. Kondakta mwenye kofia. Mwalimu na darasa lake, kila mtoto na kijiko. Yule mzee wa upara, amefunika kichwa kwa mfuko. Na wote walikuwa wanaimba, kila mtu akidai chake.

Saa tisa na robo viti vilikwisha. Tukaruhusu watu wasimame ukutani. Nilihesabu mia nne thelathini na mbili, nikaacha kuhesabu, kwa sababu wa mia nne thelathini na tatu alikuwa binti yangu, amelowa, na marafiki wanne.

Bendi ilipiga saa nzima kabla ya wimbo ule. Ulipofika, ukumbi ulipasuka. Walidai mikasi, kofia, nywele, vijiko. Watoto waligonga vijiko kwenye viti. Mwimbaji aliwaacha mpaka wakatosheka. Kisha akainua mkono, Usingizi akabakiza brashi tu kwenye ngoma ndogo, shh, shh, na Mwimbaji akaimba peke yake, taratibu, kiganja kikiwa kwenye shavu la kushoto:

"Nirudishie, nirudishie, nirudishie sikio langu, uliloondoka nalo bila kuaga."

Hakueleza. Hakuhitaji. Niliona ikifika safu kwa safu. Watoto wakashusha vijiko. Hata mvua nilidhani imenyamaza.

Bi Cherehani akasimama. Kwa ile sauti nzito, bila kipaza sauti, akamgeuzia neno:

"Mrudishie, mrudishie, mrudishie sikio lake..."

Wakasimama mafundi. Wakasimama wauguzi. Kisha ukumbi mzima, watu mia nne na zaidi wakimwombea kitu kimoja, mpaka sakafu ikatetemeka chini ya miguu yangu. Na nadhani hiyo sakafu ndiyo aliyoisikia, maana alivua viatu jukwaani, akasimama peku, akaachia mikono, akacheka kwa sauti huku machozi yakimtiririka. Nilimtafuta Meneja nikamkuta analia waziwazi. Ndugu wawili walikuwa wanapiga magitaa wakitazamana. Sijasikia tena habari za hoteli.

Mwenye ukumbi alinifuata mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakuangalia saa.

"Mwaka mzima," akasema. "Na mkitaka zote ziwe za mchana, sawa."

Ijumaa, 16 Mei

Mafunzo yamekwisha. Meneja amejaza fomu. Kwenye sehemu ya udhaifu wa mwanafunzi ameandika: *Hafuti anapoambiwa, na hufuta asipoambiwa. Mara zote mbili alikuwa sahihi.* Akaisaini, kisha akanipa barua nyingine iliyosainiwa na wote watano, Usingizi akiwa ameacha alama ya unga. Wanataka nibaki.

Jumatatu, 26 Mei

Mbingu ni safi leo. Nimepiga simu mji wa jirani, kwenye ukumbi mkubwa kuliko wetu. Amepokea mwanamume mwenye haraka.

"Nani mwenzangu?"

"Afisa masoko, Bendi ya Karakana."

Sauti ikabadilika. "Karakana ile ya mkasi?" Nikasema ndiyo, hiyohiyo. Akauliza tutahitaji viti vingapi.

"Mna vingapi?"

"Mia saba."

"Vyote," nikamwambia.